Kitengo cha madeni kimehamia India, nyumba yangu itakuwaje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Leicester, nina mkopo wa nyumba hapa Uingereza, kazini walinipunguzia masaa basi marejesho ya miezi mitatu yamenilalia. Zamani nilikuwa naongea na dada mmoja wa benki anajua habari zangu zote, sasa kitengo kizima wamekihamishia India, kila nikipiga napokewa na mtu mpya, naanza upya kuhesabu mshahara, gesi, nauli za watoto. Mmoja kaniuliza kwa nini siuzi gari, gari lenyewe sina! Hao wanaweza kuniuzia nyumba kweli? Na shemeji yangu alikuwa kitengo hichohicho, kaambiwa kazi ndo inaondoka.

JIBU: Marahaba mwanangu. Simu kupokelewa India haijabadilisha sheria hata moja. FCA, wasimamizi wa mabenki huko, wanasema benki inaweza kumpa mwingine kazi ila dhamana inabaki kwake, kwa hiyo yule wa gari akikukosea, imekukosea benki yako. Kuchukua nyumba ni hatua ya mwisho, na ukiwa unaishi humo wataenda mahakamani kwanza. Halafu mabenki mengi yalisaini Mortgage Charter mwaka 2023, yaani ahadi yao kwa wenye mikopo ya nyumba, kwamba hawakutoi bila ridhaa yako ndani ya miezi 12 tangu rejesho la kwanza kukosekana, labda pawe na sababu ya kipekee. Uliza kama yako imesaini.

Sasa acha kuhadithia kwenye simu. Andika mapato na matumizi karatasi moja, watumie, ukipiga unawaambia wafungue hiyo hiyo. StepChange au Citizens Advice, mashirika ya ushauri huko, watakusaidia kuiandaa bure. Wakiendelea kukuzungusha sema unaleta malalamiko rasmi, wana wiki 8 za kujibu, usiporidhika unaenda Financial Ombudsman, mwamuzi huru wa malalamiko ya mabenki, ndani ya miezi 6 tangu wakupe jibu la mwisho, nako hulipi. Ila usiwatukane wale vijana, wanasoma kilicho kwenye skrini, aliyebana matumizi kwa mtu mwenye shida yuko ofisini huko huko kwenu.

Shemeji asisaini kitu kabla chama cha wafanyakazi hakijaona. Wakipunguzwa watu 20 au zaidi kituo kimoja cha kazi ndani ya siku 90 lazima mashauriano yaanze siku 30 kabla ya wa kwanza kuachishwa, wakifika 100 ni siku 45, na akiwa ametimiza miaka miwili pale ana kiinua mgongo chake kisheria.