Vinia za kauri na migebuka

Dada wa Ujiji, umeuliza kama vinia za kauri, yale maganda membamba yanayogundishwa mbele ya meno, zitakunyima samaki wako migebuka. Kula tu! Hatari ni kumenya muwa kwa meno ya mbele, na ile tabia yetu ya kufungulia soda mdomoni. Kauri ni ngumu, ila ikipata kishindo inapasuka ghafla, na haizibwi kama pancha. Mswaki uwe laini; mkaa na majivu achana navyo, vinakwangua mng'ao. Chai ya rangi haiishiki sana kauri yenyewe, inaishika gundi ya pembeni. Uzi wa meno kila usiku, maana jino la chini yake bado linaoza. Unasaga meno usingizini? Daktari akutengenezee kinga ya kuvaa. Ukizitunza, miaka 10 hadi 15 zinafika.