Kipeere: lugha ya Kameruni isiyo ya Kibantu

SWALI: Ndugu Mhariri, katika hosteli yetu yuko mwanafunzi wa Kameruni ambaye lugha yake ni Kipeere. Shuleni tulifundishwa kwamba Wabantu walitokea pande hizo, lakini nikimsikia akizungumza na mamake kwa simu siambulii hata neno moja. Je, Kipeere si Kibantu? Na mbona vitabu vingine vinawaita watu wake Kutin?
Msomaji, Ngara, Nairobi

JIBU: Kipeere si lugha ya Kibantu, ingawa kina udugu wa mbali na Kiswahili kwa kuwa zote mbili zimo katika familia kubwa ya Niger-Kongo. Ni kweli kwamba wataalamu wengi wanakubali kuwa Wabantu walianza kusambaa kutoka mpakani mwa Kameruni na Nigeria, miaka 4,000 hadi 5,000 hivi iliyopita, lakini mpaka huo ni mrefu na una lugha nyingi za matawi mengine. Kipeere ni cha tawi la Adamawa, na jamaa zake wa karibu ni lugha kama Kidii na Kidoyayo. Tofauti moja ni hii: sisi wa Kiswahili tunatenganisha mtu na watu kwa kubadili mwanzo wa neno, ilhali katika lugha nyingi za Adamawa mabaki ya ngeli huonekana mwishoni mwa neno.

Kutin na Kotopo ni majina ya watu hao hao katika maandishi ya wageni. Naomba tutumie Peere, kwa heshima ile ile tunayowapa Waogiek, jamii ya misituni hapa Kenya, tunapoacha kuwaita Wadorobo, jina la dharau walilopewa na wengine.

Wapeere wanaishi hasa kaskazini mwa Kameruni, katika wilaya ya Faro-et-Déo, na wengine wako Nigeria. Katika karne ya 19 Modibbo Adama, kiongozi wa Wafulani aliyeanzisha mji wa Yola, ulioko Nigeria ya leo, mwaka 1841, aliongoza vita vya jihadi vilivyoeneza utawala wa Wafulani katika eneo hilo, na lugha yao, Kifulfulde, ikawa lugha ya sokoni. Wajerumani walifuata, kisha Wafaransa, ambao lugha yao ndiyo inayotawala madarasani huko hadi leo. Rafiki yako basi huenda alikua na lugha tatu, na ile ya mamake ndiyo isiyo na soko wala ofisi ya kuitegemeza. Hilo linanisikitisha, kwa maana mzazi anayemwombea mwanawe kazi ana kila sababu ya kuiweka kando.

Hata hivyo, tangu mwaka 1979 Kameruni ina alfabeti ya pamoja kwa ajili ya lugha zake. Mwombe akuandikie maamkizi ya kwao, umsalimie kwayo.