Skrubu ya kukamulia asali: 304 au 17-4?

Kaka wa Arua, umeuliza skrubu ya mashine yako ya kukamulia asali uichonge kwa aina gani ya stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), 304 au 17-4, na kama nati nayo iwe ya stenlesi hiyohiyo.

Nati kwanza, maana hapo ndipo utaumia. Stenlesi ikisuguana na stenlesi chini ya mzigo hung'ang'aniana. Niliwahi kukaza moja ya 304 kwa mkono. Ilikwama katikati, meno yakavulika kama maganda ya muhogo, tukaikata kwa msumeno. Tumia nati ya bronzi isiyo na madini ya risasi, na grisi ya mitambo ya chakula.

Kwa kikapu na sinia, 304 inatosha kabisa; asali ina asidi na chuma cha kawaida kingeliwa na kutu. Lakini skrubu ndefu ya kubeba mzigo mzito, nunua 17-4. Ikerezwe ikiwa bado laini, kisha ichomwe kwa nyuzi 480 za Selsiasi kwa saa 1 ili iwe ngumu na kupozwa hewani. Inasinyaa kidogo sana, ila nguvu yake ya kubeba mzigo bila kupinda moja kwa moja inafika takribani mara 5 ya 304. Usiache kuichoma, tafadhali.

Sumaku ikupe dokezo dukani: 17-4 inanata, 304 kwa kawaida hainati.