Kompyuta ya kuunga kwenye TV ya sebuleni: tazama kizazi cha prosesa kabla hujatazama i7

Ndugu yangu wa Wete, nimelisoma swali lako. Una TV ya inchi 55 ya 4K, una kama laki sita, na muuzaji mmoja wa mjini amekwambia uchukue kompyuta kubwa ya i7-3770 yenye kadi ya picha ya GTX 970 na RAM GB 16, eti hiyo inabeba kila kitu. Rafiki yako naye anakwambia nunua kisanduku cha Android, yaishe. Wewe unataka kuangalia filamu, mpira, taarab za zamani ulizonazo kwenye VCD na DVD, na mikanda ya harusi ya wazee iliyohamishwa kutoka VHS. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kazi hii nimeifanya kwangu, kwa wazee wangu na kwa majirani hapa Unguja, na inaniuma kuona watu wanavyotoa pesa nyingi kwa mashine isiyowafaa.

Hiyo i7 iache.

Kila video tunayoangalia imebanwa ili ipungue ukubwa, na mashine inapoicheza inaifumua papo hapo. Namna za kubana zimekuja kwa zamu: H.264 ilitoka 2003, HEVC ambayo wengine huiita H.265 ikatoka 2013, AV1 ikafuata 2018. Inayokuja nyuma hubana zaidi, na kuifumua kunataka kazi zaidi. Sasa, ndani ya prosesa za siku hizi mna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni hiyo tu. Ikiwa sehemu hiyo inaijua namna iliyotumika, inafumua picha ya 4K na prosesa yenyewe imetulia. Ikiwa haiijui, prosesa nzima huingia kazini kwa nguvu zake zote, feni inavuma, na picha inakwama kila palipo na mwendo mwingi.

i7-3770 ilitoka 2012, mwaka mmoja kabla ya HEVC kupitishwa, kwa hiyo haina kabisa sehemu ya kuifumua. Herufi "i7" inakwambia hiyo ilikuwa ya daraja la juu katika mwaka wake, basi. La kutazama ni tarakimu inayofuata kistari: i7-3770 ni kizazi cha 3, i5-7500T ni cha 7, i5-8500T ni cha 8, na kuanzia cha 10 unasoma tarakimu mbili, kama i5-10500T. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 6 kilianza kufumua HEVC ya kawaida, ya biti 8. Kizazi cha 7 kikaongeza ya biti 10, yenye vivuli vingi zaidi vya rangi, pamoja na VP9 ambayo YouTube huitumia kwa 4K. Hapo ndipo pana mpaka, maana filamu za 4K karibu zote ni za biti 10. Kizazi cha 8, cha 9 na cha 10 kwa upande wa video havina jipya la kukushughulisha. Kizazi cha 11 ndicho kilicholeta AV1.

Kuhusu kadi ya GTX 970, muuzaji atakwambia tatizo la prosesa linatibiwa na kadi. Kadi hiyo ni nzuri kwa magemu, lakini haina sehemu kamili ya kufumua HEVC. Mdogo wake, GTX 960, aliyetoka baadaye na kwa bei ndogo, anayo. Kwa hiyo usikubali mtu akupimie kadi ya sebuleni kwa ukubwa wa namba.

Unachohitaji ni mojawapo ya vitu viwili.

Cha kwanza ni vile vijikompyuta vya maofisini, vyembamba, ukubwa wa kitabu kinene, vinavyoingia hapa kama mitumba: Lenovo ThinkCentre M710q, Dell OptiPlex 3050 Micro au 7050 Micro, HP EliteDesk 800 G3 Mini. Vyote hivyo hupatikana na prosesa za kizazi cha 7, lakini mwili huohuo unaweza kukuta ndani mna cha 6, kwa hiyo soma namba ya prosesa kwenye skrini, usitosheke na jina la nje. Zile zenye herufi T mwishoni ndizo ninazozipenda. Zimetengenezwa kwa wati 35 badala ya 65, na joto lake ni dogo.

Vina kasoro moja ambayo lazima uijue kabla ya kutoa pesa. Tundu la HDMI kwenye mashine za wakati ule mara nyingi ni la toleo la 1.4, na hilo kwa 4K linaishia picha 30 kwa sekunde. Filamu itakwenda vizuri kwa sababu filamu ni picha 24, lakini mpira wa picha 50 utaonekana unaruka, na hata kishale cha mausi kitakuwa kizito. Dawa yake ni kutumia tundu la DisplayPort lililo pembeni, ukaweka adapta ya kwenda HDMI 2.0. Iwe ile adapta yenye chipu ndani yake, wauzaji huiita "active". Zile za bei ya chini kabisa hupitisha waya tu na zitakurudisha kwenye 30. Na hata kwa adapta nzuri, HDR, yaani ile picha yenye mwanga na rangi za kina zaidi, usiitegemee.

Cha pili ni kisanduku kipya chenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa 2023. Jina lake halina i yoyote na bei yake haitishi, ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini inafumua HEVC ya biti 10, VP9 na AV1, inatumia umeme kidogo sana, na vingi vya visanduku vyake vina HDMI 2.0, kwa hiyo 4K kwa picha 60 unaipata moja kwa moja bila adapta. Mimi kwa TV ya 4K yenye HDR ningechukua hii, hata kama itabidi nisubiri mtu anayetoka Dubai. Kwa TV ya kawaida, mtumba wa kizazi cha 7 unatosha na pesa inabaki.

Sasa umeme. Nyinyi Pemba umeme wenu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, sisi Unguja wetu unatoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Sisi tuliokuwepo hapa Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu mji mzima giza, hatuhitaji kuelezwa maana ya kutegemea waya. Hali ya leo ni nzuri kuliko ile, lakini umeme bado hukatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua vifaa. Weka UPS ndogo, ile betri ya akiba ya vifaa, hata ya VA 650. Kijikompyuta cha wati 15 pamoja na TV ya wati 100 vitapata dakika chache za kuzima kwa adabu, na diski yako itasalimika. Kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya mashine yenyewe unayoiingia kabla mfumo haujawaka, pana pahali pa kuchagua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Wengi hupenda ijiwashe. Mimi naiacha ibaki imezimwa, kwa sababu zile dakika za mwanzo za umeme kurudi ndizo mbaya zaidi.

Na upige hesabu ya uniti. Ile kompyuta kubwa yenye kadi ukiichukulia wati 100 kwa saa tano kila usiku, kwa mwezi ni uniti 15. Kijikompyuta cha wati 15 kwa saa zilezile ni uniti mbili na robo. Tofauti hiyo utaiona kwenye mita ya Tukuza mwezi baada ya mwezi.

Jengine ambalo wenzetu wa bara hawalifikirii sana ni chumvi. Nyumba iliyo karibu na pwani, hewa yenyewe ina chumvi, na feni ya kompyuta kazi yake ni kuivuta hewa hiyo ndani siku nzima. Wakati wa kusi na wakati wa masika nimefungua mashine nikakuta miguu ya RAM imeota ukungu wa kijani. Kwa sababu hii peke yake kisanduku kisicho na feni, kinachopoa kwa mwili wake wa aluminiamu, kina thamani kubwa hapa kwetu, na N100 zipo za namna hiyo. Ukichukua chenye feni, kiweke mbali na dirisha linalotazama bahari, usikifungie ndani ya kabati, na kila baada ya masika kifungue, toa vumbi, futa miguu ya RAM kwa ufutio wa penseli kisha kwa spiriti. Matundu ya nyuma yasiyotumika yazibe, kwani mijusi hupenda joto.

Nije kwenye taarab na mikanda ya harusi, maana hapa ndipo nilipoguswa na swali lako. Watu wanadhani mashine inayoweza 4K haitashindwa na VCD. Sivyo kabisa. VCD zetu ni MPEG-1, picha ya 352 kwa 288, na DVD ni 720 kwa 576. Ukiitandaza picha hiyo kwenye inchi 55, kila doa linaonekana. Kuna zaidi: mikanda ya VHS na DVD nyingi zilizotokana nayo zimerekodiwa kwa mfumo wa PAL, ambamo kila picha imegawiwa nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. TV za zamani za kioo kinene zilizionesha nusu hizo kama zilivyo. TV za bapa haziwezi, kwa hiyo lazima kitu kiziunganishe kwanza. Kikiunganisha vibaya, bibi harusi akigeuza uso unaona pembeni mwake meno kama ya kitana, na upinde wa fidla unakuwa vipande vipande.

Kijikompyuta cha Intel kikiwa na Kodi, programu ya kuchezea video kwenye TV, hufanya kazi hii vizuri mno. Wakati video inacheza ingia kwenye mipangilio yake ya video, tafuta "deinterlace", uchague njia inayofuata mwendo wa picha, ile iliyoandikwa "motion adaptive" au "motion compensated". Hapo unapata picha 50 kamili kwa sekunde na mwendo unakuwa laini kama ulivyokuwa kwenye TV ya wazee. Kisha kwenye mipangilio ya Kodi washa ile ya kubadilisha kasi ya skrini kufuata video, "adjust display refresh rate". Filamu ya picha 24 TV itakwenda 24, taarab na mpira itakwenda 50. Usipoiwasha, TV inabaki kwenye 60 na video ya 50 inajikwaa kila mara. Nina mikanda ya tafrija za taarab ya miaka ya themanini ambayo wazee walishaikatia tamaa. Ilipopita kwenye mashine iliyopangwa hivi, mama aliwatambua watu waliokaa safu ya nyuma.

Na msiibane upya mikanda hiyo kwa HEVC ili kuokoa nafasi. Hifadhini ile nakala ya kwanza kama ilivyotoka. Diski ni rahisi, mikanda haitarudi.

Kwa programu, mimi natumia LibreELEC, ambayo ni Linux iliyopunguzwa ikabaki Kodi tu. Inawaka haraka, haidai leseni, wala haiulizi kizazi cha prosesa kama Windows 11 inavyotaka cha 8 kwenda juu. RAM GB 8 inatosha na kuzidi. Ukichukua mtumba, weka GB 4 mbili badala ya 8 moja, picha itakwenda vizuri zaidi. SSD ndogo ya mfumo, diski ya nje ya USB 3 kwa filamu. Hata filamu ya 4K isiyopunguzwa haifiki megabaiti 20 kwa sekunde, kwa hiyo diski ya kawaida inaiweza, usilipie SSD kubwa.

Rimoti usiisahau. Kompyuta nyingi, tofauti na visanduku vya Android, hazisikii rimoti ya TV kupitia HDMI. Nunua kipokezi cha USB kinachokuja na rimoti yake ndogo. Nyumba yenye wazee haitaitumia mashine inayotaka mausi, hata ingekuwa nzuri vipi.

Kisanduku cha Android sikipondi. Kama haja yako ingekuwa Netflix na YouTube tu, ningekwambia chukua kile chenye kibali cha Google na Netflix, kwa sababu Netflix ya 4K kompyuta ya Linux haiipati. Visivyo na kibali ndivyo vibaya, vinaandika RAM visivyokuwa nayo na havipati masasisho. Lakini kwa mikanda ya PAL, sijaona kinachokaribia Kodi juu ya Intel.

Ukija mjini, kabla ya kulipa beba flashi yenye kipande cha video ya 4K ya HEVC biti 10, na waya wako wa HDMI. Mwambie muuzaji aiwashe kwenye Windows, icheze kwa VLC, ufungue Task Manager. Prosesa ikikaa chini ya asilimia 30 na ukaona sehemu ya GPU iliyoandikwa "Video Decode" inafanya kazi, ndiyo hiyo. Prosesa ikipanda kwenye 90, rejesha. Hakikisha unapewa adapta yake ya umeme ya asili, maana Lenovo, Dell na HP kila mmoja ana kichwa chake, na mtumba usio na adapta utakusumbua hadi Chake. Nitumie namba kamili ya prosesa na picha ya matundu ya nyuma, nitakujibu ukiwa hapohapo dukani.