Julai, Lushoto, na bunduki zilizogoma

Juzi usiku kijana mmoja wa Korogwe kaniandikia: "Kaka, nimeagiza bunduki sita za rangi na mitungi yake ya gesi. Mwezi wa saba nataka kupandisha Lushoto. Kuna la kujua?" Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni. La kujua lipo, mdogo wangu. Mimi nililijua mbele ya watu thelathini na mbili.

Mnaonifuata mnajua nilivyouanza mchezo huu wa peintiboli, wa kulengana kwa vidonge vya rangi, hapa Tanga, kwenye shamba la minazi nje ya mji, wakati kila mtu akiniuliza kama nimechanganyikiwa. Sasa wanaouliza ndio wanaoleta watoto wao siku za kuzaliwa. Nilishajiona fundi. Hapo ndipo taasisi moja, sitaitaja, iliponiita Lushoto kuburudisha wafanyakazi wake. Nikapokea nusu ya malipo, nikanunua viatu vipya.

Tulitoka saa tisa usiku, mimi na wasaidizi wawili. Mombo tulikunywa chai tukiwa na fulana. Kufika Soni kila mtu kafunga kioo, na Lushoto kwenyewe ukungu umelala juu ya majani kama moshi wa kuni mbichi. Kule ni mita 1,400 hivi juu ya bahari. Mimi nimekulia pembeni ya maji ya chumvi. Baridi niliyoijua ilikuwa feni namba tatu.

Dakika tano za kwanza, safi kabisa. Ya sita, mama mmoja wa uhasibu akamlenga bosi wake hatua ishirini, akafyatua. Kidonge kikatoka kama mate ya mtoto, kikadondokea kwenye buti lake mwenyewe. Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Nilipoichukua ile bunduki kicheko kilinikauka. Mtungi ulikuwa umevaa ngozi nyeupe kama utando wa friza la samaki, na kidole changu kikanata. Kwenye maungio gesi inapiga filimbi. Vipira vya oringi, vile vya kuzuia gesi isivuje, vimekakamaa.

Sababu ni hii. Kabonidayoksaidi, ndiyo gesi ya mitungi hii, haikai mtungini kama upepo. Imelala humo kama maji, na lazima ichemke igeuke gesi ndipo isukume kidonge. Kuchemka kunataka joto, na joto hilo inalinyonya kwenye mtungi wenyewe. Kwenye nyuzi 30 za Tanga yetu, presha yake ni kama bar 72. Kwenye nyuzi 10, bar 45 tu, na hapo hujafyatua hata mara moja. Ukifyatua mfululizo mtungi unazidi kupoa, presha inashuka tena. Ukiinamisha mdomo wa bunduki, yale maji yenyewe yanaingia kwenye valvu na kuigandisha. Gesi yangu siku ile ilikuwa ya Kitanga hasa: waja leo waondoka leo.

Geji nayo ikanidanganya. Niliona mshale umelala, nikadhani gesi imeisha, nikatupa pembeni mitungi minne iliyokuwa bado nusu na zaidi. Gesi hii hupimwa kwa mizani. Geji inakusomea ubaridi.

Msaidizi wangu, kijana mwema asiyejua uvivu, akaona jiko la mkaa la wapishi. Nilipogeuka alikuwa ameshauegesha mtungi wa kwanza ubavuni mwa moto. Nilikimbia mbio ambazo sijazikimbia tangu shule ya msingi. Ndiyo, valvu ina kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi, lakini nani anataka kuwa karibu kikipasuka?

Na mimi nikafanya ujinga wangu, mkubwa kuliko wa kijana. Nilikaza parafujo ya kasi kwenye bunduki zote ili vidonge vifike mbali. Saa sita jua likatoka, presha ikarudi, na bunduki zikaanza kupiga teke la punda. Kikomo cha mchezo ni futi 300 kwa sekunde, kama mita 91. Tulifika ngapi? Kipima mwendo wa vidonge nilikiacha Tanga juu ya kabati. Jamaa mmoja akavua shati akanionyesha mgongo: duara la zambarau, katikati damu. Nikasimamisha mchezo.

Nusu ya pili ya pesa sijaiona hadi leo. Mkuu wa msafara aliniambia mbele ya wasaidizi wangu, "Bwana, si ungekuja na manati tu?" Hilo la manati linaniuma kuliko pesa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama bunduki zako zinakubali, hamia kwenye hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Haigeuki maji mtungini, na regyuleta yake, kile kifaa cha kusawazisha presha, inatoa presha ileile asubuhi na mchana. Mimi najaziwa na wapiga mbizi wenye kompresa, mtungi wa bar 207. Lakini uwe mtungi wa hewa! Ule wa kabonidayoksaidi usiujaze hewa hata ukibembelezwa.

Ukikosa, basi kidole kiwe cha taratibu, mdomo wa bunduki uelekee juu kidogo, mtungi wa akiba ukae ndani ya koti. Moto hapana. Maji ya moto hapana. Pima mwendo asubuhi, pima tena jua likitoka. Vidonge navyo vina ganda la jelatini. Pwani unyevu unavivimbisha, mlimani baridi inavifanya vivunjike ndani ya mtutu, kwa hiyo usivilaze kwenye buti la gari kama nilivyofanya. Na barakoa haivuliwi uwanjani, hata bunduki zikiwa zinatema mate. Sisi vijana tunanunua chuma kwanza, kuuliza baadaye. Wewe umeuliza kwanza, umenizidi.

Julai hii napanda tena, kwa kikundi kingine. Kipima mwendo kimeshaingia kwenye mkoba wiki mbili kabla. Mke wangu kakifunga kwenye kanga yake, kasema amechoka kusikia habari za kabati.