Sumaku kwenye kompyuta: maswali ya wiki hii

Shikamoo mwalimu. Naiga transfoma ya kuchomelea, programu inataka pemeabiliti ya chuma (urahisi wake wa kupitisha usumaku). Niandike ngapi? (Mwanafunzi, Tengeru)

Marahaba. Usiandike namba moja ukalala. Chuma cha silikoni usumaku wake ukikaribia tesla 2 hushiba, na hapo kuongeza ampea ni kumimina maji kwenye ndoo iliyojaa. Jaza jedwali lote la B (usumaku ndani ya chuma) na H (msukumo wa koili unaouleta). Ila programu inayohesabu kwa frikwensi moja tu, kama hezi 50, huchukulia kila wimbi kuwa safi, na chuma kilichoshiba hulipinda wimbi. Hapo pokea jibu kama makadirio.

Bati za kiini cha transfoma nizichore moja moja? Ziko zaidi ya mia. (Fundi mota, Unga Limited)

Utazeeka, fundi! Juzi nilifungua transfoma iliyoungua, nikapima bati kwa maikromita: 0.5 mm, vanishi bado imeng'ang'ania upande mmoja. Vanishi hiyo ndiyo inayozuia mikondo ya kisulisuli (umeme unaozunguka ndani ya chuma chenyewe na kukipasha moto) isivuke kutoka bati hadi bati. Ukichora kiini kama pande moja la chuma lenye konduktiviti yake (uwezo wa kupitisha umeme), tuseme pemeabiliti 1,000, kwa hezi 50 zetu usumaku utapenya kama milimita 1 tu. Kompyuta haitakosea, itakuwa imehesabu kitu usichokitengeneza.

FEMM, programu ya bure ya kuhesabu usumaku, ina nafasi ya kuandika unene wa bati na sehemu ya rundo ambayo ni chuma kweli. Yako ikikosa hiyo, weka konduktiviti sifuri kwenye kiini, upotevu (umeme unaogeuka joto) uuhesabu pembeni kwa karatasi ya mtengenezaji. Na usidharau unene: upotevu wa kisulisuli hufuata mraba wake. Ukitoka 0.5 kwenda 0.35, unabaki karibu nusu.

Na boksi la chuma la nje? (Majengo, Moshi)

Hilo ni pande kweli, konduktiviti liachie. Karibu na uso kata wavu (vipande ambavyo kompyuta huugawa mchoro) uwe mdogo, angalau vipande viwili vitatu ndani ya ile milimita.

Niliandika ampea za klampu mita, usumaku ukatoka pungufu. Nimebadilisha chuma mara tatu! (Njiro)

Kirudishe cha kwanza, dada. Mita husoma RMS (aina ya wastani wa wimbi), programu nyingi za aina hii hutaka kilele cha wimbi. Zidisha kwa 1.414.

Sumaku ya spika naweza kuiweka humo humo? (Sakina)

Hapana. Hesabu hii ni ya umeme unaogeuka-geuka, sumaku ya spika haigeuki: yenyewe ni hezi sifuri. Ihesabu peke yake.