Helios ya 1979 na Canon 50mm STM chini ya mwembe mmoja

Wapiga picha wenzangu hapa Tanga wakiniona na lenzi yangu ya chuma swali lao huwa ni moja tu, ipi iko shapu zaidi, hii ya zamani au za sa hivi? Na mimi kila mara nawaambia hapo sipo pa kuanzia, maana katikati ya picha hizi lenzi zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Tofauti kubwa utaiona ukimgeuza mtu jua likawa nyuma yake. Hapo ndo kila lenzi inakuonyesha imetengenezwaje.

Ninazotumia mimi ni Helios 44-2, 58mm f/2, namba yake inaanza na 79 na kwa lenzi nyingi za Urusi za enzi zile tarakimu mbili za mwanzo ndo mwaka wa kutengenezwa, na Canon EF 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2015. Zote nafunga kwenye Canon 600D, Helios kwa kupitia adapta ya M42, yaani ya lenzi za zamani zinazofungwa kwa kuzungusha kama skrubu. Bahati nzuri zote mbili zinavaa filta ya 49mm kwa hiyo filta na mfuniko naazimisha huku na huku.

Nilichofanya, nilimkalisha mdogo wangu wa kike chini ya mwembe wa nyumbani kwa mama pale Ngamiani, saa kumi na nusu jioni, jua linapenya kwenye majani nyuma yake. Kamera juu ya stendi, mita kama moja na nusu kutoka kwake, majani yako mita sita hivi nyuma. Lenzi zote niliweka f/2, yaani tundu la mwanga liko wazi sana, ISO ileile, shata ileile, rangi ya mwanga nikaifunga kwenye alama ya jua (kama kelvini 5200 hivi) kwa sababu ukiacha kamera ijiamulie itairekebisha rangi ya kila lenzi kivyake afu utakuwa unalinganisha kamera na sio lenzi. Na piga RAW tafadhali, lile faili ghafi ambalo kamera haijalirekebisha. Canon zinaweza kurekebisha giza la pembeni kwa lenzi za kwao wakati wa kutengeneza JPEG, Helios haiongei na kamera kabisa (kwenye skrini namba ya f inasoma 00) kwa hiyo ukilinganisha JPEG unakuwa umeshaionea ya zamani kabla hujaanza.

Sasa matokeo. Katikati, kwenye jicho, STM inashinda lakini sio kwa kishindo, kope zinahesabika kwenye zote. Ukitoka pembeni ndo zinaachana njia. STM majani yanafifia taratibu yanakaa kimya, Helios majani yanajipanga kama yanamzunguka kichwa, ukitazama vizuri ni kama ukindu unavyozunguka kitako cha kikapu. Sababu yake sio uchawi. Helios yenyewe imefuata mchoro wa lenzi ya Kijerumani, Biotar 58mm ya Carl Zeiss Jena ya miaka ya 1930, vioo sita kwenye makundi manne, na mwanga unaoingia kwa upande unakatwa na kingo za lenzi kwa hiyo kila tone la mwanga ambalo lingekuwa duara linabanwa linakuwa kama punje ya mlozi, na punje zote zimelala kulizunguka katikati ya picha. STM nayo inabana kidogo pembeni ikiwa wazi kabisa ila marekebisho yake ni mazuri zaidi hivyo haikuvuti jicho.

Ila hapa nisikudanganye, 600D ina sensa (kile kinachonasa picha ndani ya kamera) ndogo ya APS-C inayokata picha kwa mara 1.6, na kinachokatwa ni zile pembe ambazo mzunguko unaonekana zaidi. Nilikuja kuiona Helios yenyewe siku niliyoazima Sony A7 ya rafiki yangu, sensa kubwa, nikarudi palepale kwenye mwembe, aisee ule mzunguko ulikuwa mara mbili ya nilivyozoea. Kama una kamera ya sensa ndogo na unanunua Helios kwa ajili ya huo mzunguko tu, jua utapata nusu yake.

Afu lile suala la jua. Vioo vya zamani kama hii vimepakwa tabaka moja la kuzuia mwanga usirudi rudi ndani, lenzi za kisasa zimepakwa tabaka nyingi. Jua likiingia kwenye Helios mwanga unagongana humo ndani na mwingine unamwagika picha nzima kama ukungu wa asubuhi, nyeusi zinakuwa kijivu, rangi zinafifia. STM jua hilohilo linaacha alama ndogo pembeni na weusi unabaki weusi. Kwenye ngozi zetu hii ina maana kubwa: mdogo wangu ni mweusi na alivaa gauni jeupe, kwenye STM gauni lilikuwa safi na shavu la upande wa kivuli likazama, kwenye Helios kivuli kikanyanyuka kikawa laini, uso unapendeza ukiutazama. Lakini ule sio undani mpya, ni mwanga uliomwagika juu ya kivuli, ukiikaza hiyo picha kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, unakuta huna zaidi ya ulichokuwa nacho kwenye STM.

Hilo nililijua kwa gharama. Kuna harusi niliipiga, bibi harusi anashuka kwenye gari jua liko mgongoni kwake, mimi na tamaa ya picha ya kipekee nikawa nimefunga Helios. Fremu kumi na nne, kumi na moja hazina fokasi maana unazungusha kwa mkono na mtu anatembea, na mbili kati ya zilizobaki uso umefunikwa na ukungu wa jua usiotoka. Ile hatua ya kushuka kwenye gari hairudiwi. Tangu siku hiyo harusini STM inabaki kwenye kamera mpaka maharusi wakae chini kwa picha za utulivu, ndo natoa Helios, naomba dakika kumi, nawasha skrini nakuza mara 10 naweka fokasi kwenye jicho la karibu.

Na ukibana tundu ukapiga f/5.6 kwenda f/8, sijui nikwambie nini, mzunguko umeisha, pembe zimetulia, kivulini nilishindwa kuzitofautisha picha zangu mwenyewe mpaka nikaangalia namba ya faili. Kwa hiyo kama wewe kazi zako ni za vikundi, mikutano, bidhaa za dukani, hela yako weka kwenye flashi.

Ukiamua kununua, nenda na tochi. Imulike lenzi kwa nyuma ukiwa umeifungua f/2 yote utazame kwa mbele, kuvu inaonekana kama utando wa buibui, ukiuona huo mwachie mwenyewe hata akupunguzie. Oili kwenye majani ya tundu (vile vibati vyembamba vinavyobana na kufungua tundu la mwanga) kwa hii 44-2 haina shida sana, yanafunguka kwa mkono wako, hayategemei springi. Ukikutana na Super-Takumar 50mm f/1.4 ya rangi ya chai usishtuke, aina ile ya vioo saba ina kioo chenye thoriamu ambacho hugeuka njano na miaka, ukikiweka kwenye mwanga wa jua siku nyingi kinarudi cheupe, ila usiiache peke yake juani, lenzi inaweza kuwasha moto kama kioo cha kukuzia.

Kuhusu kamera: M42 inataka umbali wa milimita 45.46 kutoka lenzi hadi sensa. Canon EF ina 44 kwa hiyo adapta nyembamba inatosha, ingawa kwenye baadhi ya Canon za sensa kubwa kile kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza kinaweza kugonga sehemu ya nyuma ya Helios, jaribu polepole kwanza. Sony E ina 18, nafasi tele, ila ingia kwenye menyu uruhusu kamera kupiga bila lenzi. Nikon zenye kioo cha ndani kama hicho (DSLR) zina 46.5, hapo bila adapta yenye kilenzi cha ziada hutaweza kuweka fokasi kitu cha mbali, na kile kilenzi cha bei ndogo kinaharibu picha, mimi nisingenunua.

Na huku pwani unyevu ni mwingi na ndo unaoleta kuvu, kwa hiyo lenzi usiiweke kwenye mkoba wa ngozi. Yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vifuko vya silika, nikivihisi vimelemea navibadilisha.